Kabla hujaambiwa 'bodi imekufa', uliza nani aliisoma chipu

Kama umekulia Kitui au Makueni, hadithi hii unaijua. Stima inapotea jioni, inarudi na hasira, na TV ya sebuleni haiwaki tena. Taa nyekundu ipo, ukibonyeza rimoti inapepesa kidogo, basi. Au nembo ya kampuni inatokea kwenye kioo na kuganda hapo mpaka uchomoe waya. Unaibeba kwa boda hadi kwa fundi pale Wote, Mwingi au Kibwezi. Fundi anaifungua, anapima volti mbili tatu, anakuna kichwa, kisha anatoa hukumu: "Bodi imekufa. Nunua ingine, au tuitume Luthuli."

Luthuli Avenue, Nairobi. Huko ndiko tunakopeleka TV, redio za gari, dekoda na laptopu zetu, pamoja na nauli na pesa ya fundi. Zikirudi, mara nyingi hatuambiwi kilichofanyika. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya kazi hiyo ingefanyika papa hapa Ukambani, na wa kuifanya ni wewe unayesoma hii kwenye simu ukingoja mtandao urudi.

Nasema sehemu, si yote. Kuna bodi zimekufa kweli: prosesa imeungua, njia za shaba zimekatika, maji yamepita. Lakini kuna nyingine ambazo ni nzima wa afya, zimesahau tu. Programu inayoiambia TV jinsi ya kuamka inakaa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu, mara nyingi yenye miguu minane, ndogo kuliko punje ya hindi. Stima ikikatika wakati chipu inaandikwa, au ikipanda ghafla, maandishi yale yanaweza kuharibika. Bodi hiyo unaizikaje kama hakuna aliyethubutu kuisoma chipu?

Utasema, "Sawa, lakini hiyo chipu siijui. Haina hata jina." Kweli, mara nyingi haina. Wino umefutika, au kiwanda chenyewe kimeparuza juu usijue ni nini. Wengine hukwama hapo. Mimi naona hapo ndipo kazi inaponoga, kwa sababu chipu isiyo na jina ina tabia, na tabia haifutiki kwa msasa.

Anza na macho. Paka spiriti kidogo, ngoja ikauke, halafu mulika kwa tochi ya simu kutoka upande, si kutoka juu. Kamera ya simu ikivutwa karibu inaona herufi ambazo jicho lako haliwezi. Kama utaona 24, 25 au 93 katikati ya msururu wa herufi, umeshapata ukoo wake. Hizo ndizo koo tatu kubwa za kumbukumbu za miguu minane. Za 24 ni ndogo, hutunza mipangilio kama vile stesheni na kiwango cha sauti. Za 93 nazo ni ndogo na za zamani kidogo. Utazikuta sana kwenye magari na mashine. Za 25 ndizo kubwa, na ndizo hubeba programu nzima.

Nambari inayofuata nayo huwachanganya wengi. 25Q64 si megabaiti 64. Ni megabiti 64, na biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo gawanya kwa nane upate megabaiti 8. Vivyo hivyo 24C02 ni kilobiti 2, yaani baiti 256 tu. Meseji mbili ndefu za simu zinaijaza.

Na kama hakuna herufi hata moja? Chukua multimita, iweke kwenye mlio, na hakikisha bodi haina umeme kabisa. Ncha moja igusishe kwenye chuma cha tundu la HDMI. Hiyo ni ardhi. Tafuta kitone au kishimo kwenye pembe ya chipu: hapo ni mguu wa kwanza. Kutoka hapo hesabu kinyume cha saa, wanne upande huu, wanne ule, mpaka wa nane utakaotazamana na wa kwanza. Sasa gusa mmoja mmoja. Mguu wa nne ukilia na wa tano ukinyamaza, hiyo ni ya ukoo wa 24 au wa 25. Wa kwanza, wa pili na wa tatu nao wakilia pamoja na wa nne, karibu uweke dau kwamba ni 24, kwa sababu miguu hiyo mitatu ni ya anwani na watengenezaji hupenda kuifunga kwenye ardhi. Wa tano ukilia badala ya wa nne, fikiria 93.

Tahadhari moja. Si kila chenye miguu minane ni kumbukumbu. Kuna vidhibiti vya umeme na transista vilivyovaa umbo hilo hilo. Kumbukumbu hukaa karibu na prosesa kubwa, ikiunganishwa kwa vijinjia vyembamba. Kidhibiti cha umeme utakikuta kimezungukwa na koili na kapasita nono, na njia zake za shaba ni pana kama barabara ya Kibwezi-Mutomo-Kitui baada ya kuwekwa lami.

Baada ya hapo, washa bodi na upime mguu wa nane. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka gani. Ukipata karibu volti 3.3, endelea. Ukipata 1.8, simama. Chipu ya volti 1.8 ukiipa 3.3 unaweza kuiua, na ukiiua umeua na ushahidi wote uliokuwa ndani.

Kifaa cha kusomea kinachotumika sana ni kile kidogo cha USB kiitwacho CH341A. Bei yake inakaribiana na ya mulika mwizi. Usikiamini sana pia, maana matoleo yake mengine hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data hata pale chipu yenyewe inapopata 3.3. Pima kwanza kabla ya kukiunganisha. Kwa chipu za 1.8 kuna adapta yake, nunua. Na kama unatumia kile kibanio cha kushika chipu ikiwa bado kwenye bodi, ujue umeme wa kibanio unaweza kuiamsha prosesa, nayo ianze kuongea na chipu wakati huo huo. Utapata takataka. Afadhali uing'oe kwa bloa, taratibu.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chipu nyingi za ukoo wa 25 ukiziuliza vizuri zinajitambulisha zenyewe. Kuna amri moja, 9F, ambayo kazi yake ni kama ya askari wa barabarani usiku: "Toa kitambulisho." Chipu hujibu kwa baiti tatu. Ya kwanza ni mtengenezaji: EF ni Winbond, C2 ni Macronix, C8 ni GigaDevice. Ya pili ni aina. Ya tatu ni ukubwa. Ukijibiwa EF 40 17, hiyo ni Winbond, na 17 hapo imeandikwa kwa mfumo wa namba wa kumi na sita, yaani 23 kwa hesabu yetu ya kawaida. Piga 2 kwa kipeo cha 23, utapata 8,388,608. Hizo ndizo baiti, megabaiti zako 8. Unakumbuka ulivyomuuliza mwalimu wa hisabati vipeo vitakusaidia wapi maishani? Basi.

Ukijibiwa FF FF FF au 00 00 00, usikimbilie kusema imekufa. Kwa kawaida maana yake ni kwamba hamjasikilizana: kibanio kimelegea, mguu mchafu, au umeigeuza. Na kama ni ya ukoo wa 24, usiisubiri itoe kitambulisho cha namna hii, haina. Hapo utategemea ulichopima na bodi za aina hiyo ulizowahi kuona.

Ukishaijua, isome mara mbili na ulinganishe mafaili. Yakitofautiana hata kwa baiti moja, usiendelee, tafuta sababu. Yakifanana, hifadhi nakala ya asili pahali salama kabla hujaandika chochote, hata kama unaamini imeharibika. Ndani yake mnaweza kuwa na mambo ya TV hiyo pekee yasiyopatikana kwingine. Fungua faili hilo utazame: katikati ya vurugu utaona maneno ya kawaida, jina la modeli, namba ya kioo. Na usiandike programu ya TV nyingine eti kwa sababu zinafanana kwa nje. Namba ya bodi na namba ya kioo lazima ziwiane, la sivyo TV itawaka kweli, ila mtangazaji wa taarifa ya saa moja atakuwa amesimama kwa kichwa.

Nimekaa sana kwenye ufundi, najua. Ni kwa sababu habari hizi ndizo utajiri wenyewe. Anayezijua hutoza pesa nzuri kwa kazi ambayo, chipu ikishajulikana, ni ya saa moja. Asiyezijua hubadilisha bodi nzima, au hukuuzia maneno.

Sasa tuongee kuhusu wewe na kaunti yako. Makueni ndiko iliko Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013 kwenye ekari 5,000. Pale pana kituo cha kitaifa cha data, mashine zinazotunza kumbukumbu za serikali. Sina ugomvi na Konza. Lakini ukitoka pale ukafuata barabara kuu ya Mombasa hadi Emali, kisha ukakata kwenda Wote, unaingia mahali ambapo chipu ya megabaiti 8 inaweza kuifanya familia ikose TV mwezi mzima. Kijana akikuambia anataka kazi ya data, huwa tunamwonyesha Konza. Hatumwonyeshi meza ya fundi, ilhali data iko hapo pia, na mwenyewe amekaa nje kwenye benchi akiisubiri.

Na usifikirie haya ni mambo ya TV tu. Kuanzia 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vya kutuma ujumbe wa simu kwenye pampu za maji za mkono kule Kyuso, kaskazini mwa Kitui. Kifaa kilikaa ndani ya mkono wa pampu, kikahisi unavyopanda na kushuka, kikatuma takwimu kwa SMS. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Muda wa pampu kukaa bila kufanya kazi ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3, na baadaye ukazaliwa mpango wa FundiFix katika kaunti za Kitui na Kwale. Mtu aliyewahi kumwona mama yake akitembea na punda kutafuta maji anajua siku 24 zilizookolewa zina maana gani. Lakini jiulize: kifaa chenyewe kikiharibika, nani wa Kyuso anakifungua? Pampu za sola, mita za maji za tokeni, mizani ya kidijitali pale soko la maembe, vyote vina kijichipu mahali kinachokumbuka. Kila mradi unaoletwa na vifaa bila kuacha watu wanaoweza kuvisoma unatuachia mzigo wa vyuma.

Kwa hiyo nina mambo ya kudai. Vyuo vya ufundi vya kaunti zote mbili, na hata SEKU pale Kwa Vonza, viweke meza moja ya kusoma chipu iliyo wazi kwa mafundi wa mtaani, si kwa wanafunzi waliolipa karo tu. Kifaa cha kusomea, darubini ndogo, bloa, kompyuta ya zamani. Jumla yake haifiki bei ya hema na viti vya hafla moja ya kuzindua jambo. Pili, kuwe na hifadhi ya pamoja ya nakala za programu: kila fundi anayesoma chipu nzima aweke faili, namba ya bodi, namba ya kioo, kitambulisho cha chipu na tarehe, na aseme kama aliijaribu ikawaka. Hivi sasa faili hizo zimetawanyika kwenye flashi diski za watu binafsi, na mwenye flashi akihama, au flashi ikipotea, kila mtu anaanza upya.

Kuna atakayeniambia programu hiyo ni mali ya kampuni, na fundi hana haki ya kuigawa. Pingamizi hilo lina uzito, siwezi kulipuuza. Jibu langu ni kwamba kampuni zenyewe zilazimishwe kuiweka wazi. Si ndoto. Umoja wa Ulaya una kanuni iliyoanza kutumika Machi 2021 inayowataka watengenezaji wa TV kuhakikisha programu ya karibuni ya kifaa inapatikana kwa miaka isiyopungua 8 baada ya TV ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni. TV za kampuni hizo hizo zinauzwa hapa. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni za 2024 zinazomfanya anayeleta bidhaa awajibike hadi inapokuwa taka. Vizuri. Ila kuwajibika kwa taka kusianzie jalalani. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. TV inayotengenezwa Mutomo ni TV moja isiyohesabiwa huko. Waziri anayehusika angeongeza tu sharti moja: ukileta kifaa Kenya, lete na programu yake na mchoro wa saketi.

Kabla hujakimbilia bloa, kuna mstari. Anayejua kusoma chipu anajua pia kuiandika, na utajaribiwa. Mtu atakuletea simu na kukuomba ubadilishe nambari yake ya utambulisho. Hiyo ni simu ya mtu mwingine, na sheria ya mawasiliano ya Kenya inaharamisha kazi hiyo. Mwingine atakuletea kisanduku cha sola cha kulipia pole pole akitaka ukivunje kufuli. Najua ugumu wa kulipa kila siku wakati mvua imekosa misimu miwili, na nina maneno makali kuhusu mikataba mingine ya aina hiyo. Hata hivyo, ukianza kuvunja, meza yako itajulikana kwa hilo, na mwalimu aliye na TV iliyoganda hatakuletea tena.

Na kuna siri za watu. Ndani ya kumbukumbu mnaweza kuwa na nywila ya WiFi, majina, picha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimruhusu fundi kuzipekua eti kwa kuwa yuko juu ya meza yake. Kwa simu za kisasa hilo limepungua kidogo: zilizotoka kiwandani na Android 10 na kuendelea hufunga data kwa msimbo, kwa hiyo kung'oa chipu hakukupi picha za mtu, hata akikuomba mwenyewe kwa machozi. Mwambie ukweli huo mapema. Usichukue pesa ya kujaribu kitu unachojua hakiwezekani. Vivyo hivyo kwa TV mpya: ile chipu ya miguu minane huenda inabeba hatua ya kwanza tu ya kuamka, na programu yenyewe iko kwenye chipu kubwa iliyosimama juu ya vijipira vya risasi visivyoonekana. Hiyo ni kazi ya vifaa vingine na mkono uliokomaa. Si ya wiki ya kwanza.

Wiki ya kwanza inahitaji bodi isiyo na thamani. Nenda kwa fundi yeyote mjini kwako, umsalimie kwa heshima, maana amekaa kwenye hiyo biashara tangu enzi za TV za mgongo. Chungulia chini ya meza. Kuna TV pale yenye kioo kilichopasuka, mwenyewe aliiacha tangu Krismasi na hajarudi. Muombe akuuzie bodi yake tu. Kioo kimevunjika lakini kumbukumbu huenda ni nzima. Mwambie ukifaulu kuisoma utamletea nakala na namba zote zilizoandikwa vizuri, kwa sababu TV ya modeli hiyo hiyo, iliyozimwa na stima, itaingia kwake siku yoyote sasa.